Kuhesabu Tuhesabu Sisi, Kuchambua Wachambue Wao?

Najua nimepotea wiki tatu nzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nipo, nabanana na mwaka wa mwisho kama mnavyobanana wenyewe. Leo sina habari za kantini wala za maji ya bloku letu. Nina neno limenikaa kooni tangu Jumanne, tena ni refu, kwa hiyo mwenye pindi la saa moja asubuhi alale kwanza, atalikuta kesho.

Nataka kusoma masta ya takwimu. Mnaonifahamu mnajua hili halikuanza leo. Nasoma Sayansi na Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Jiografia. Nikimaliza salama nitaitwa mwalimu wa sekondari, na jina hilo nalipenda, sina ugomvi nalo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na watu wanaodhani mwalimu akishakuwa mwalimu basi kichwa kimefungwa kufuli na funguo wanazo wao.

Sasa sikilizeni. Kuna chuo kimoja (sikitaji, sitaki kesi, na bado nataka wanichukue) kimetangaza nafasi za masta hiyo. Tangazo linasema shahada ya kwanza, daraja la pili kwenda juu, kwenye Takwimu, Hisabati, “au fani inayohusiana”. Wa mwaka wa mwisho wanaruhusiwa kuomba kwa matokeo ya muda. Nikasema eeh, hapo ndo pangu. Nikachukua namba ya malipo, nikalipa kwa simu, hela yangu ya kula ya siku kumi hiyo na hairudishwi, ukurasa ukafunguka. Kufika mahali pa kuchagua shahada uliyosoma, orodha inashuka: Takwimu, Hisabati, Uchumi, Kompyuta, Uhandisi. Elimu hakuna. Nikashuka nayo, nikapanda nayo, hakuna.

Nikapanda daladala mbili hadi ofisini kwao. Nikamkuta mzee mmoja mstaarabu tu, hana ubaya.

“Shikamoo.”

“Marahaba binti, nikusaidie nini?”

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kama baba anayemwambia mtoto kwamba mbwa amekufa.

“Binti, wewe ni mwalimu. Nenda kaombe masta ya Elimu. Takwimu itakutesa bure. Tulishawahi kumchukua mmoja wa Elimu, hakumaliza.”

Mmoja! Jamani, watu wa takwimu hao. Idara nzima inayofundisha ukubwa wa sampuli imemkataa mtu kwa sampuli ya mtu mmoja. Sisi wa mwaka wa pili tulifundishwa kwamba ukitaka kukadiria mtawanyiko wa sampuli unagawanya kwa idadi ukitoa moja. Idadi yao ni moja. Moja toa moja ni sifuri. Haya, wagawanye.

Na huyo mmoja mwenyewe hakuna anayejua kwa nini hakumaliza. Labda ada ilimshinda. Labda alipangiwa kituo cha kazi Katavi akaenda zake. Labda kweli takwimu ilimtesa. Je, wa Hisabati tupu ambao hawakumaliza ni wangapi? Hilo nililiuliza, kwa adabu. Mzee akasema, “Hizo hatuna hapa.”

Sasa hiyo “fani inayohusiana” ndiyo nataka tuizungumze, maana nimegundua ni maneno ya mpira, kila mtu anayavuta anakotaka. Inahusiana na nini? Na jina la shahada au na kilichomo ndani yake?

Mwaka wa kwanza nilisoma Kalkulasi ukumbi mmoja na watu wa Hisabati tupu. Ubao mmoja, mhadhiri mmoja, karatasi ya mtihani moja, tena mnakumbuka siku ile kipaza sauti kilipokufa tukawa tunasikia midomo tu. Aljebra ya mstari, vivyo hivyo. Uwezekano na Takwimu, vivyo hivyo. Sapu zilipotoka hazikuuliza wewe wa Elimu au wa nani, zilishuka kama mvua juu ya wema na wabaya. Kwenye Uwezekano mimi nilipata A. Jirani yangu aliyekuwa anadesa madaftari yangu, wa Hisabati tupu, akapata B, na nikampongeza kwa moyo mweupe. Leo jirani yangu akifungua ukurasa ule ule, shahada yake ipo kwenye orodha, anabonyeza, anaendelea. Mimi mwenye daftari niko nje na risiti ya malipo mkononi.

Msije mkasema naringa. Nasema tu kwamba transkripti ipo, ina majina ya masomo na alama, na haichukui dakika tano kuisoma.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wote tunalijua ila hatulisemi mbele ya wakubwa. Kwa nini mimi niko Elimu? Kwa sababu ya mkopo! Wengi wetu tulipokuwa tunajaza fomu baada ya kidato cha sita tulikuwa na macho mawili, moja kwenye masomo tunayoyapenda, jingine kwenye Bodi ya Mikopo. Ualimu wa sayansi na hisabati ulikuwa kwenye vipaumbele. Nyumbani kwetu mama anauza samaki wa mto, baba alishastaafu kibarua cha reli, wadogo zangu wawili wako sekondari. Ningechagua Hisabati tupu halafu mkopo ukagoma, ningekuwa wapi leo? Ningekuwa nauza samaki. Jirani yangu mwenye B, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, yeye alichagua alichotaka na mkopo hakuupigia hata magoti.

Kwa hiyo jina la shahada yangu linasema nini juu yangu? Linasema kidogo sana juu ya hesabu zangu, na mengi juu ya mfuko wa mama yangu. Mtu wa takwimu anapaswa kuliona hilo kabla ya wote. Ndiyo kazi yake, kuuliza hiki ninachokipima ni kile ninachodhani nakipima, au kuna kitu kingine kimejificha nyuma yake kinavuta kamba. Unadhani unachuja uwezo wa hesabu, kumbe unachuja umaskini. Na ukishauchuja unaenda kulala ukisema umelinda viwango.

Tuje kwenye sensa, maana hapa ndo huwa napandisha presha.

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 nchi nzima ilihesabiwa. Tukatoka 61,741,120, kutoka 44,928,923 za mwaka 2012. Namba nzuri, kila kiongozi anaitaja. Nani walizunguka nyumba kwa nyumba? Walikuwapo vijana wengi wa mitaani wasio na ajira, sawa, lakini walimu walikuwa jeshi zima. Aliyekuja kwetu Ruvu alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano, ndiye aliyenifundisha kuchora jedwali la matofali ya rangi kuonyesha mavuno ya mahindi. Alikuja na kishikwambi, jasho linamtoka, akakaa kwenye kigoda karibu saa nzima akiuliza maswali, mpaka aina ya sakafu na choo. Bibi alipokataa kutaja umri alimsaidia kuukumbuka kwa matukio: Uhuru ulikukuta una watoto wangapi, vita vya Kagera ulikuwa unaishi wapi. Ile kuukadiria mwaka wa kuzaliwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu ni kazi ya takwimu ngumu kuliko nyingi mnazofanya kwenye kompyuta zenye kiyoyozi! Sensa ilipoisha, serikali ikaamua vishikwambi vile wapewe walimu wakafundishie. Maana yake mwalimu anaaminika kukusanya namba, na kifaa cha kukusanyia namba anaachiwa. Akisema sasa nataka kujifunza kuzichambua, anaambiwa hapana mwalimu, hizi si za fani yako.

Kuhesabu tuhesabu sisi, kuchambua wachambue wao?

Na mkoa wetu ndio unaohitaji wachambuzi kuliko mnavyodhani. Pwani ilikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012, ikafika milioni 2 na kidogo mwaka 2022. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni kama asilimia 6 kwa mwaka, karibu mara mbili ya kasi ya taifa ya asilimia 3.2. Kwa mwendo huo watu wanaongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi na moja hivi. Ukisimama kituo cha treni mpya pale Ruvu au ukipita Kwala kwenye bandari kavu unaliona kwa macho. Madarasa, visima, zahanati, vyote vinapangwa kwa namba. Nani atazisoma kwa niaba yetu? Mtu ambaye Ruvu anaijua kama daraja la kupita akienda Morogoro?

Kwa wasiojua, Ruvu ni mto na ni sehemu. Sisi ni wa pale Kibaha inapopakana na Kisarawe, wa magulio na treni. Mto unatoka milima ya Uluguru, unapita kwetu, unaingia baharini upande wa Bagamoyo. Nyie mnaooga Dar es Salaam na kutuita sisi watu wa porini, maji hayo ni yetu. Mtambo wa Ruvu Juu upo karibu na Mlandizi tangu 1959, wa Ruvu Chini tangu 1976, na baada ya kupanuliwa uwezo wao ni lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Oktoba 2022 mto ulipungua mkatangaziwa mgao, mkalia. Mwaka uliofuata mvua za El Nino zikaanza, na kufikia Aprili 2024 mabonde ya Pwani yalikuwa yanaogelea, Rufiji ndiyo ikaumia zaidi. Mto mmoja, ndani ya miezi kumi na nane, umetunyima na umetuzidishia.

Sasa hapa ndipo hamu yangu ya takwimu ilipotokea, wala si kwenye kitabu. Mto unapimwa. Kuna nguzo yenye namba, mtu anakwenda anasoma kina, anaandika. Siku baada ya siku, miaka na miaka. Ukiyaweka madaftari hayo pamoja unapata historia ya mto, na kutoka hapo watu wanakadiria mafuriko ya kila miaka kumi, ya kila miaka mia. (Kumbukeni, mafuriko ya miaka mia hayana maana kwamba yakija leo unapumzika miaka 99. Maana yake kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1. Mtu akijenga nyumba bondeni akakaa miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni karibu asilimia 26. Zaidi ya mtu mmoja kwa kila wanne! Waambieni wajomba zenu wanaonunua viwanja vya bei rahisi karibu na mto.)

Tatizo ni kwamba madaftari ya vipimo kama hivyo huwa na mapengo, na mtu mvivu anasema si kitu, siku zilizokosekana tunaziruka, tunachukua wastani wa zilizobaki. Lakini hebu fikiria ni siku zipi zinazokosekana. Mto ukiwa mpole msomaji anafika bila shida, anasoma, anarudi kunywa chai. Mto ukichafuka njia inakatika, nguzo yenyewe inaweza kuondoka na maji. Pengo linakaa palepale palipokuwa na maji mengi kuliko siku zote. Ukiziruka siku hizo unapata mto mpole ambao haupo duniani, halafu mtu anajenga daraja kwa ajili ya mto huo. Mmarekani mmoja, Donald Rubin, alilipangia jambo hili utaratibu mwaka 1976: kabla ya kufanya chochote na data zilizokosekana, jiulize zimekosekana kwa nini. Kukosekana kwenyewe ni habari.

Nilipolielewa hilo nilikuwa maktaba, nikafunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimeona. Tangu utotoni nimeona nguzo zikiondoka.

Mzee wa ofisi ile hakujua kwamba alinipa mfano mwingine wa jambo lilelile. “Tulishawahi kumchukua mmoja.” Haya, mafaili ya idara yao hayana walimu. Si kwa sababu walimu hawawezi, ni kwa sababu orodha ya kwenye ukurasa haina neno Elimu, kwa hiyo hawaombi, kwa hiyo hawasomi, kwa hiyo hawamalizi, kwa hiyo mwakani mtu atafungua faili na kusema mnaona, hawamo. Pengo wamelitengeneza wenyewe halafu wanalisoma kama kipimo!

Naenda mbele. Takwimu yenyewe imejengwa na nani? Jaribio la t, lile ambalo kila mtu humu ndani atalitumia kwenye utafiti wake wa mwaka wa mwisho hata kama halielewi, lilitoka mwaka 1908 kwa William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliyeliandika kwa jina la Student. Sijui kama bia ni “fani inayohusiana”. Florence Nightingale alikuwa muuguzi, akapokelewa kwenye chama cha wanatakwimu cha Uingereza mwaka 1858, mwanamke wa kwanza. Charles Spearman, yule wa mgawo wa uwiano wa vyeo tunaoukariri, alikuwa mwanasaikolojia, na kwenye kazi yake kubwa ya 1904 alitumia alama za watoto wa shule ya kijijini. Alama za watoto wa shule! Vitu ambavyo sisi tunavishika kila siku kwa kalamu nyekundu.

Na msinitajie umbali. Njia ya reli ikitoka Dar kuja kwetu inapita Pugu. Pale Pugu alifundisha mwalimu mmoja aliyekwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na stashahada ya ualimu ya Makerere, akarudi 1952 na MA. (Najua, MA ya kule ni shahada ya kwanza kwa mpango wao, msinirushie mawe.) Hoja yangu ni kwamba walimpokea mwalimu wakampa uchumi na historia asome, hawakumwambia rudi kwenye chaki.

Hapa kwetu, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni kilianza 1961, mwaka uleule wa uhuru, kufundisha watu wa ofisi za takwimu za nchi zetu. Makerere wakaanzisha taasisi yao ya takwimu na uchumi 1969. Wakati huo wote shida ilikuwa watu. Watu wenyewe ndio hawa wanaorudishwa mlangoni.

Sasa nisikie na upande wa pili, maana kuna rafiki yangu wa Takwimu aliyenijia juu jana usiku na hakuwa anasema upuuzi. Anasema nyie wa Elimu nusu ya ratiba yenu ni saikolojia, mitaala na mazoezi ya kufundisha, sisi wakati huo tunakomaa na nadharia. Ni kweli. Rigresheni tumeigusa, hatukuilala nayo. Programu ya R nimejifunza mwenyewe usiku kwa kompyuta ya kuazima. Uchanganuzi wa namba halisi tulifanya nusu ya walichofanya wao. Sasa dawa yake nini? Nipeni mtihani wa kuingilia. Nipeni muhula mmoja wa masomo ya kujazia, kwa gharama yangu. Nikifeli, nirudisheni Ruvu na treni ya jioni, sitasema neno. Hicho kitakuwa kipimo. Orodha ya kwenye kompyuta si kipimo.

Na huyo rafiki yangu nilimwuliza naye swali: hizo wiki nane ambazo mimi nilikuwa darasani nafundisha, unadhani nilikuwa nalala?

Nilipangiwa shule moja ya kata, kidato cha tatu, mada ya Takwimu. Watoto sabini na kitu, vitabu tisa. Nikaacha mifano ya kitabuni, nikachukua saba wa mstari wa mbele, nikawauliza mnatembea dakika ngapi kuja shule. Wakajibu: 10, 12, 15, 15, 20, 25, na binti wa mwisho akasema 110. Darasa likacheka, yeye hakucheka, anatoka ng'ambo ya mto. Tukapiga wastani: 207 gawanya kwa 7, karibu dakika 30. Nikauliza, nani kati yenu anatembea dakika 30? Kimya. Hayupo. Wastani umetaja mtu ambaye hayupo darasani. Tukapanga namba tukachukua ya katikati, 15. Wakafurahi, hii ndiyo yenyewe mwalimu, hii inatusema sisi. Kijana mmoja wa nyuma, mbishi hasa, akanyoosha mkono: “Sasa mwalimu, hiyo kumi na tano si imemsahau kabisa huyu wa ng'ambo?”

Nimekaa miaka mitatu kwenye kumbi za chuo sijasikia swali zuri kuliko lile. Ukichagua wastani unawasema vibaya sita, ukichagua namba ya kati unamfuta mmoja, na uchaguzi si wa hesabu peke yake. Aliyekuja na swali hilo ana miaka kumi na saba. Mimi nataka kwenda kusoma ili nirudi na jibu, au walau na namna nzuri zaidi ya kuliuliza. Kuna mtu ana uhakika kwamba hiyo haihusiani na takwimu?

Neno la mwisho si la ofisi, ni letu sisi wa Elimu. Jumatano nilipowasimulia mezani, wangapi mlicheka? “We nawe, mwalimu takwimu ya nini, subiri usaili.” Usaili gani? Mwanzoni mwa 2025 nafasi za ualimu zisizofika 15,000 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Hao ni kama kumi na nne kwa kiti kimoja. Mnanishauri nikakae kwenye foleni hiyo kwa sababu foleni ni ya kwetu? Tumejifunza kujidharau mpaka wakubwa hawana kazi ya kutudharau tena, wanatukuta tumeshamaliza. Mtu ana A nne za Hisabati anajitambulisha “mi mwalimu tu”. Tu ya nini, jamani?

Na msiniambie habari ya ada. Naijua. Bumu letu wengi wetu linaishia hapa, masta utajijua. Sijui nitailipaje. Kwanza nikubaliwe, halafu nianze kukosa usingizi kwa sababu hiyo.

Nilichofanya ni hiki. Kwenye ile orodha chini kabisa kuna neno “Nyinginezo”. Nimelibonyeza. Nimeandika barua ya kurasa mbili, nimeambatanisha maelezo ya kila somo la hesabu nililosoma, saa za kila moja, nani alifundisha, na majina ya shahada nyingine zilizokaa ukumbi uleule kufanya mtihani uleule. Pendekezo la utafiti ni kuhusu mapengo ya vipimo vya mto, mto mnaujua. Wahadhiri wawili wameahidi barua za mapendekezo, mmoja amenipa tayari, wa pili yuko safarini anasema Alhamisi.

Dirisha linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Mlio wa Elimu, wa Hisabati na nani, mnaotaka kuomba na mmekwama palepale nilipokwama, njooni chumbani kesho baada ya saa kumi niwape nakala ya ile barua mbadilishe majina. Tukifika kumi itakuwa shida kutuita mmoja. Na mwenye skana inayofanya kazi, hii ya maktaba inatoa mistari myeusi kwenye alama zangu, anitafute haraka.